Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupanga Data za Namba Kabla ya Kuziingiza Kwenye Modeli

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa uzamili, watu wa miradi na maofisa ufuatiliaji wanaonipigia saa nne usiku, ripoti ikitakiwa keshokutwa. Karibu wote huanza kwa kuulizia modeli, yaani hesabu inayotafuta uhusiano kati ya vitu vilivyopimwa: kwa nini rigresheni, mojawapo ya modeli hizo, inagoma, kwa nini matokeo ni ya ajabu. Tukifungua faili, modeli haina neno. Ugonjwa uko kwenye jedwali. Humu nitasema "mstari" kwa ule unaolala na "kolamu" kwa ile inayosimama, maana neno "safu" kila mtu analielewa kivyake.

Nitumie programu ipi: SPSS, Stata, R au Python?

Ile ambayo mwenzako wa meza ya pili anaijua, ili ukikwama usiku uwe na wa kumuuliza. Sifanyi mzaha.

Kama huna mwenzako wa namna hiyo, basi fikiria hivi. SPSS (ya tangu 1968) na Stata (1985) ni programu nzuri na zilizokomaa, ila leseni inanunuliwa, na ile ya chuo huisha ukishahitimu. R ni ya bure. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakifuata nyayo za S, lugha ya takwimu iliyotoka kwenye maabara za Bell Labs za Marekani, na toleo 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Imetengenezwa na watu wa takwimu kwa ajili ya watu wa takwimu, na mtu huliona hilo tangu siku ya kwanza: jedwali lenye kolamu za aina tofauti limo ndani ya lugha yenyewe, hulitafuti nje.

Python haikuzaliwa na jedwali hilo. Wes McKinney alianza kuliunda mwaka 2008 akiwa kwenye kampuni ya uwekezaji ya AQR, akaliita pandas, jina lililotokana na "panel data", yaani data za watu au kampuni zilezile zinazopimwa tena na tena. Leo pandas ndiyo mlango wa karibu kila kazi ya data kwenye Python.

Ushauri wangu: kazi yako ikiwa ni tafiti na modeli za takwimu, anza na R. Ukiwa ofisi moja na watengeneza mifumo, anza na Python. Aliyezoea SPSS lakini hana pesa ajaribu PSPP, na anayeogopa kuandika amri ajaribu jamovi. Hakuna kati ya hizo itakayookoa jedwali bovu.

Kwani Excel haitoshi?

Kwa kuingiza data na kuzitazama kwa macho, inatosha sana. Mimi mwenyewe naifungua kila siku. Tatizo la Excel ni kwamba inakukosesha bila kukuambia.

Chukua yaliyotokea Uingereza mwaka 2020, katikati ya korona. Majibu ya vipimo kutoka maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ule wa .xls, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ikajaa. Iliyozidi haikuingia, na hakuna kengele iliyolia. Watu 15,841 waliokutwa na virusi kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Muundo mpya, .xlsx, unafika mistari 1,048,576. Inaonekana mingi mpaka ukumbuke kwamba Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ukimpa kila mtu mstari wake, utahitaji kurasa 59.

Kisa cha pili ni cha wanabiolojia. Kulikuwa na jeni inayoitwa MARCH1 na nyingine SEPT1. Ukiziandika kwenye Excel zinageuka tarehe: Machi mosi, Septemba mosi. Makosa hayo yalijaa kwenye majedwali ya makala za kisayansi, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona afadhali ibadilishe majina yenyewe: MARCHF1, SEPTIN1. Wanasayansi wa dunia nzima wamebadili majina ya jeni ili kuipisha programu ya hesabu za duka!

Na cha tatu: wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, makala yao ya 2010 kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon alipewa faili lao, akakuta fomula ya wastani imeishia mistari mitano kabla ya mwisho, ikaziacha nje Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Kosa hilo halikuwa peke yake. Palikuwa pia na miaka iliyoachwa na namna ya kupima uzito wa kila nchi. Yote yaliporekebishwa, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa ulitoka -0.1 ukafika asilimia 2.2.

Kwa hiyo ingiza data kwenye Excel ukipenda. Hesabu za ripoti zifanyie mahali ambapo kila hatua imeandikwa na mtu mwingine anaweza kuisoma.

Namba za NIDA zimegeuka kuwa 1.98703E+19. Nazirudishaje?

Pole. Kama faili limeshahifadhiwa hivyo na huna nakala ya awali, hazirudi.

Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Zile tano za mwisho zinageuzwa sifuri, na hata ukiipa kolamu muundo wa Number utaona sifuri tano mkiani. Kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kabisa kubaki na namba moja, kisha ukiunganisha majedwali wanakuwa mtu mmoja. Yalinikuta. Nilikuwa nasaidia mradi mmoja wa mikopo, nikaunganisha wakopaji na marejesho, nikampata mama mmoja anayelipa mara mbili kila mwezi bila kukosa. Nilimsifu kwenye kikao. Walikuwa mama wawili.

Namba za simu nazo zina shida ndogo ya ukoo huohuo: 0712 inageuka 712, sifuri ya mwanzo imeliwa.

Jiulize swali moja: je, nina sababu yoyote ya kujumlisha namba hizi? Hakuna anayetafuta wastani wa namba za simu. Basi hizo si namba, ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, na yahifadhiwe kama maandishi. Kwenye Excel iweke kolamu nzima kuwa Text kabla ya kubandika data. Ukiweka baadaye umechelewa. Kwenye R tumia `colClasses = "character"`, kwenye pandas `dtype=str`.

Naambiwa jedwali langu si nadhifu. Maana yake nini?

Neno lilienezwa na Hadley Wickham, mtakwimu wa New Zealand, kwa makala ya mwaka 2014. Masharti ni matatu: kila kigezo kiwe na kolamu yake, kila uchunguzi uwe na mstari wake, na kila aina ya kitu kinachochunguzwa iwe na jedwali lake. Ukiyasoma unasema, aa, hilo tu? Kisha unafungua faili lako.

Tuseme umepima mavuno ya mahindi kwa miaka mitatu. Watu wengi huandika hivi:

kaya | 2021 | 2022 | 2023
K01 | 12 | 9 | 14
K02 | 7 | | 8

Kwa macho ni zuri, limebana, linaingia kwenye ripoti. Lakini modeli itakuuliza: mwaka uko kolamu gani? Hauko. Umefichwa kwenye vichwa vya kolamu. Jedwali refu la data zilezile ni hili:

kaya | mwaka | magunia
K01 | 2021 | 12
K01 | 2022 | 9
K01 | 2023 | 14
K02 | 2021 | 7
K02 | 2022 |
K02 | 2023 | 8

Kutoka pana kwenda refu ni amri moja tu: `pivot_longer` kwenye tidyr ya R, `melt` kwenye pandas, `reshape long` kwenye Stata. Ukimaliza, hesabu mistari. Kaya 2 kwa miaka 3 lazima iwe 6. Ikiwa 5, kuna mahali K02 ya 2022 imedondoshwa kimyakimya, na pengo lenyewe ni habari: labda mwaka huo hawakuvuna, labda hamkuwakuta nyumbani.

Sharti la tatu ndilo linalosahaulika. Una kaya 400 na watoto 730. Ukiunganisha jedwali la kaya na la watoto unapata mistari 730, na kipato cha kaya kimejirudia kwa kila mtoto. Ukitafuta wastani wa kipato hapo, kaya ya watoto sita imehesabiwa mara sita, na ya wale wasio na mtoto huenda haimo kabisa. Programu haitakukatalia. Mean ni mean. Ndiyo maana kila anayenipigia namuuliza kwanza: mstari mmoja kwenye jedwali lako ni nini? Ni kaya? Ni mtoto? Ni ziara moja ya mtoto mmoja kliniki? Nusu ya simu huishia hapo.

Wakulima wamejibu kwa magunia, madebe na ekari. Niingize vipi?

Kolamu mbili: kiasi, na kipimo. Usiandike "magunia 3" ndani ya seli moja, maana seli hiyo sasa ni maandishi na haijumlishiki. Kolamu ya tatu, kilo, ihesabiwe na skripti, usiijaze kwa mkono.

Tahadhari yenyewe ni kwamba gunia si kipimo mpaka useme la wapi. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100. Halafu kuna lumbesa, gunia lenye kilemba juu yake, ambalo mkulima analiita gunia na mnunuzi analiita gunia, kila mmoja na lake moyoni. Kama dodoso halikuuliza aina ya gunia, usijifanye unajua. Andika kwenye maelezo ya data kwamba umetumia kilo 100. Ekari ni rahisi: zidisha kwa 0.4047 upate hekta.

Kwa nini wagonjwa wangu wengi wanaonekana kufika kliniki saa nane usiku?

Kwa sababu mdodosaji aliandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, na kompyuta ikasoma saa nane za usiku. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza; za kompyuta huanza usiku wa manane.

Usikimbilie kuongeza saa sita kwenye kolamu nzima. Madodoso ya simu, kama yale ya KoboToolbox au ODK, hupiga muhuri wa saa ya kimataifa yenyewe, kwa hiyo faili moja linaweza kuwa na kolamu mbili za saa zenye mazoea tofauti. Rekebisha ile iliyoandikwa na mtu peke yake. Na dodoso lijalo liulize "08:00 au 20:00", wazi.

Faili limetoka Bukavu, namba zote zimekuwa maandishi.

Ni koma. Waliosoma kwa Kifaransa huandika 12,5 pale sisi tunapoandika 12.5, na kolamu hutenganishwa kwa nukta mkato. Tumia `read.csv2` badala ya `read.csv`, au `decimal=","` pamoja na `sep=";"` kwenye pandas. Mafaili ya Bujumbura vivyo hivyo.

Seli ambazo hazina jibu niandike 0, 99 au niache wazi?

Sifuri kamwe, isipokuwa jibu lilikuwa sifuri kweli. Mkulima asiyevuna kitu na mkulima asiyehojiwa ni watu wawili tofauti.

Hayo ya 99 yana historia yake: dodoso za karatasi zilihitaji kila kisanduku kijazwe, ndiyo tukapata 98 kwa "sijui" na 99 kwa "hakujibu". Hakuna ubaya, ila lazima yaondolewe kabla ya modeli. Mfano ninaoupenda ni data za DHS, zile tafiti za afya na idadi ya watu ambazo wanafunzi wengi huzitumia kwa tasnifu. Kolamu ya alama ya urefu wa mtoto kwa umri, hw70, imezidishwa kwa 100 ili kukwepa desimali: -2.15 imeandikwa -215. Humohumo kuna misimbo kama 9996 na 9998 kwa vipimo visivyoaminika. Ukigawa kwa 100 bila kuiondoa, una mtoto mwenye alama ya 99.98. Watoto kumi wa hivyo, na ukitazama wastani, udumavu wa mkoa mzima umetoweka! Uzani wa sampuli, v005, nao ugawe kwa 1,000,000. Na tarehe zake ni miezi tangu mwanzo wa karne iliyopita: Januari 1900 ni 1, kwa hiyo Januari 2000 ni 1201. Soma mwongozo wa kolamu kabla ya kugusa amri yoyote.

Kisha ujue programu yako inalichukuliaje pengo, kwa sababu hazifanani hata kidogo. R ikikuta NA (alama yake ya pengo) moja tu, `mean()` inakujibu NA mpaka uiambie `na.rm = TRUE`. Watu hulalamika, mimi naona ni adabu, inakulazimisha ukiri kwamba kuna pengo. Pandas inaliruka bila neno. Tena pengo likiingia kwenye kolamu ya namba kamili, pandas huigeuza yote kuwa ya desimali, ndiyo maana umri unaonekana 34.0.

Stata ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kwake pengo ni kubwa kuliko namba yoyote. Ukiandika `drop if umri > 60` umewafuta wazee pamoja na kila mtu ambaye umri wake haukujazwa. Ongeza `& !missing(umri)`.

Mikoa nimeipa namba 1 hadi 31. Mbona matokeo yanatoa mkoa mmoja tu?

Kwa sababu modeli imekuamini. Umeiambia mkoa ni namba, nayo imetafuta kinachobadilika kila mkoa ukipanda kwa moja, kana kwamba mkoa wa 31 ni mara thelathini na moja ya ule wa kwanza. Iambie ni makundi: `factor(mkoa)` kwenye R, `i.mkoa` kwenye Stata, `C(mkoa)` kwenye fomula za statsmodels ya Python. Yenyewe itatengeneza kolamu za 0 na 1, moja kwa kila mkoa kasoro mmoja, ambao ndio wa kulinganishia.

Huyo wa kulinganishia, makundi yakiwa yameandikwa kwa majina, R humchagua kwa alfabeti; yakiwa ya namba, huchukua ile ndogo. Kwenye mazao itakuwa mahindi kabla ya mpunga na mtama, sawa. Kwenye mikoa itakuwa Arusha, na pengine hukutaka kumlinganisha kila mtu na Arusha. Tumia `relevel`.

Mtego mwingine: kolamu ya makundi yenye maandishi "10", "20", "30" ukiigeuza kwa `as.numeric()` moja kwa moja unapata 1, 2, 3, yaani nafasi ya kundi, si thamani yake. Pitia `as.character()` kwanza. Hadi toleo 4.0.0 la mwaka 2020, R ilikuwa ikigeuza maandishi yote kuwa makundi yenyewe wakati wa kusoma faili, kwa hiyo ukikuta skripti ya kale imejaa `stringsAsFactors = FALSE`, ujue mwandishi wake alishaumwa na nyoka.

Laptop yangu ina RAM ya GB 4. Faili halifunguki.

Piga hesabu kabla ya kuilaumu laptop. Namba moja ya desimali huchukua baiti 8. Mistari milioni moja kwa kolamu 50 ni MB 400. Inaingia. Ila R na pandas hunakili jedwali zikifanya kazi, kwa hiyo hesabu mara mbili au tatu ya hapo.

Likizidi, soma kolamu unazohitaji tu. Mara nyingi ni 12 kati ya 300. Au tumia DuckDB, iliyozaliwa kwenye taasisi ya CWI ya Amsterdam: haihitaji seva, inasoma faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) palepale lilipo kwenye diski na kukurudishia jibu bila kulipakia lote. Ukihifadhi kama Parquet, muundo wa faili uliobanwa, badala ya CSV faili hupungua sana, na aina ya kila kolamu inahifadhiwa, kwa hiyo namba za simu hazipotezi tena sifuri. Kwa majedwali makubwa, wa R waijue data.table, wa Python, Polars.

Nimesafisha data miezi mitatu iliyopita, sasa msimamizi anauliza wale watu 14 walitolewa kwa nini.

Kama ulisafisha kwa kubofya, sina msaada. Siku nyingine faili la awali liweke kwenye folda yake, ulifanye lisomwe tu lisiandikwe, na kila badiliko liandikwe kwenye skripti pamoja na sababu yake kwa Kiswahili cha kawaida: "nimewatoa 14, umri chini ya 18, hawakupaswa kuhojiwa". Dakika moja kwa mstari.

Naweza kukutumia faili uliangalie?

Ndiyo, lakini toa majina, simu na namba za vitambulisho. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022, na hata bila sheria, waliokujibu walikujibu wewe. Nitumie mistari 20, jibu la `str()` ya R au `df.info()` ya pandas (amri zinazoorodhesha kolamu na aina zake), na sentensi moja inayosema mstari mmoja ni nini. Sentensi hiyo ikikataa kuandikika, usitume kwanza.